Miaka Minne na Kitabu: Namna Wakristu wa Kivu Walivyojifunza Neno la Mungu

Jioni moja tulikuwa pamoja na wakristu wa shirika moja katika Kadutu, hapa Bukavu. Walikuwa wamesoma sura ya nane ya Matendo ya Mitume, pahali panaposimuliwa habari ya mkubwa wa hazina wa malkia wa Waethiopia. Mtu yule alikuwa akisoma nabii Isaya ndani ya gari lake bila kuelewa, mpaka Filipo akapanda, akaketi karibu naye, akamweleza. Kijana mmoja, ambaye tangu miezi kadhaa alikuwa akienda kusali katika kanisa jipya la jirani, akamgeukia mama mzee mmoja, akamwuliza: «Koko, nyinyi wazee mlibatizwa bila kusoma Biblia. Mliamini nini basi?»

Mama yule hakukasirika. Alijibu: «Mjukuu wangu, baba yangu alifundishwa miaka minne mbele ya kutiwa maji ya ubatizo. Hakuwa na kitabu. Wewe uko na kitabu. Umekifunza miaka mingapi?»

Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Sisi pia tulinyamaza, maana neno lile lilitupata hata sisi mapadri. Tangu siku ile tumelichunguza swali la kijana na jibu la mama, na tumeona kwamba ndani ya maneno yao mawili mnakaa historia yote ya imani yetu katika inchi hii. Tunataka kuieleza hapa kwa ufupi, si kwa kusifu wazee wala kwa kuwashitaki, lakini kwa kujua deni letu sisi tuliokuja nyuma yao.

I. Kitabu katika Afrika ya kale

Tuanze mbali kidogo. Kardinali Lavigerie, aliyewatuma Mapadri Weupe mpaka kwenye maziwa yetu, alikuwa Askofu mkuu wa Alger, na tangu 1884 alikuwa pia Askofu mkuu wa Carthage. Alikaa juu ya makaburi ya Eklezia ya zamani ya Afrika, na historia yake aliijua sana. Nasi inafaa tuijue.

Tarehe 17 Julai ya mwaka 180, wakristu kumi na wawili wa mji mdogo wa Scillium, wanaume saba na wanawake watano, walisimamishwa mbele ya mtawala wa Roma kule Carthage. Mtawala aliona kasha walilokuja nalo, akauliza ndani yake mna nini. Speratus, aliyesema kwa ajili ya wote, akajibu kwamba mna vitabu na barua za Paulo, mtu wa haki. Hawa hawakuwa mapadri wala watu wakubwa. Walikuwa wakristu wa kawaida, na katika safari ya kwenda kufa walibeba Maandiko. Habari yao ni maandiko ya zamani kupita yote tuliyo nayo juu ya wakristu wa Afrika ya kaskazini. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba mkristu wa kwanza wa upande ule tunayemwona kwa macho ya historia yuko na kitabu karibu naye.

Mwaka 303 Kaisari Diocletianus alitoa amri ya kuchoma vitabu vya wakristu. Felix, Askofu wa Thibiuca, alikataa kuvitoa, akauawa. Wengine walivitoa kwa hofu, na jina la aibu walilopewa lilimaanisha watu waliokabidhi. Tena mwaka 391, Augustino alipowekwa padri katika mji wa Hippo, hakujiona tayari ingawa alikuwa mwalimu maarufu wa usemi. Alimwandikia Askofu wake Valerius, akamwomba muda mpaka Pasaka apate kujifunza Maandiko, kwa kuwa sasa alipaswa kuwalisha wengine. Ndugu seminaristi, tufikiri juu ya barua hii. Mtu mwenye akili kama ile aliomba ruhusa ya kusoma kabla ya kuhubiri!

Eklezia ile kubwa ilizimika baada ya karne chache. Watu wa historia wanataja sababu nyingi: vita, mafarakano kati ya wakristu wenyewe, utawala mpya. Wengi wanaongeza hii: Maandiko yalibaki katika Kilatini, wala hayakuota mizizi katika lugha ya watu wa milima na mashamba. Wakristu wa Misri na wa Ethiopia, waliokuwa na Biblia katika lugha zao wenyewe, wako mpaka leo. Hatusemi kwamba sababu ni hiyo peke yake, lakini si ndogo.

II. Miaka minne bila kitabu

Lavigerie aliunda shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868. Mwanzo wa 1879 wa kwanza wao walifika Ujiji, na bila kukawia walivuka Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 walipokea Mpala, mwaka 1893 walianzisha Baudouinville, na mwaka 1906 walifungua misioni ya Nyangezi kati ya Washi.

Kardinali aliwawekea sheria ngumu: mtu mzima asibatizwe mbele ya miaka minne. Miaka miwili ya kwanza aliyetaka dini alichunguzwa tu na kufundishwa mambo ya msingi. Miwili ya nyuma alikuwa mkatekumeno kabisa. Wengi waliona sheria hii ni nzito mno. Kwa nini Kardinali aliishika? Kwa sababu hakutaka watu wa kupokea ubatizo leo na kuuacha kesho. Alikuwa anakumbuka desturi ya Eklezia ya kwanza, na anguko la Eklezia ya Afrika.

Katika miaka ile wazee wetu walijifunza nini? Walijifunza sala, amri, sakramenti, maswali na majibu ya katekismu. Tena Historia Takatifu, tangu kuumbwa kwa dunia, Abrahamu, Musa na Daudi, mpaka mateso na ufufuko wa Yezu Kristu. Walijifunza kwa sikio na kwa mdomo. Katekista alisema, wao wakarudia, leo na kesho na kesho kutwa, mpaka neno likakaa. Watu wetu walikuwa mafundi wa kushika maneno, maana hadisi zao, nasaba zao na hukumu za wazee vyote vililindwa namna hiyo. Basi tusiseme kwamba waliamini bila kujua. Walijua kidogo, lakini kile kidogo walikijua kwa moyo, na wengi walikilipia kwa mwenendo wao.

Hata hivi, kitabu chenyewe hawakukipata mkononi, na tuseme sababu bila kuficha. Kwanza, wengi hawakujua kusoma. Pili, sheria ya Eklezia ya wakati ule ilitaka kila Biblia ya lugha ya watu ikubaliwe na wakubwa wa Eklezia na iwe na maelezo, na kazi hiyo ilikwenda polepole. Tatu, palikuwa mashindano. Waprotestanti walikuwa wametangulia kutafsiri: Askofu Steere wa Zanzibar, wa Eklezia ya Waanglikana, alitafsiri Agano Jipya la Kiswahili, lililotoka lote mwaka 1883, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891. Upande wetu wa Kivu, wamisionari Waprotestanti kutoka Norwe na Swedi walianza kazi Kaziba na upande wa Uvira katika miaka ya 1920. Hapo Biblia ikawa kama alama ya upande mmoja, na rozari alama ya upande mwingine. Mkatoliki aliyeonekana na Biblia aliweza kuulizwa kama amegeuka. Hii ilikuwa hasara kubwa. Kitabu ambacho Speratus alikibeba mpaka kufa kilianza kuonekana kwetu kama mali ya wengine.

III. Padri wa kwanza alikuwa mwanafunzi

Katika wakati ule ule, mtu mmoja wa inchi yetu alionyesha kwamba mlango wa elimu haukufungwa. Askofu Victor Roelens, mkubwa wa vikariati ya Kongo ya Juu, alianzisha seminari ndogo Mpala. Palikuwa wengi waliodhani kwamba Mwafrika hataweza Kilatini, filosofia na teolojia. Na kweli vijana wengi walioanza hawakumaliza. Stefano Kaoze, kijana wa Marungu, alimaliza. Kutoka siku alipoanza Kilatini mpaka upadirisho ilipita zaidi ya miaka kumi na mitano. Katika 1910 na 1911, akiwa bado mwanafunzi, maandiko yake ya Kifaransa juu ya mawazo ya Wabantu yalichapwa. Yanahesabiwa kati ya maandiko ya kwanza kabisa ya Mkongo katika lugha hiyo. Tarehe 21 Julai 1917 aliwekwa padri kule Baudouinville, wa kwanza katika Kongo ya siku zetu. Alifariki mwaka 1951.

Watu husifu upadri wake, nasi tunausifu. Lakini tuangalie pia njia yake. Alisoma maneno ya Mungu, na alichunguza mawazo ya watu wake. Vyote viwili katika moyo mmoja. Hakuona kwamba kusoma ni kukosa imani, wala kwamba imani inamruhusu asisome.

Kivu ikawa vikariati mwaka 1929. Kutoka kwetu, vijana wengine walivuka Ruzizi kwenda Nyakibanda kule Rwanda, ambako seminari kubwa ilifunguliwa mwaka 1936. Nyuma tukapata seminari yetu ya Murhesa. Padri wa siku zile alisali zaburi zote kila juma, lakini katika Kilatini. Siku ya Mungu alisoma Injili altareni katika Kilatini, kisha akaieleza kwa Kiswahili au kwa Mashi. Hivi padri alikuwa na kitabu, na watu walikuwa na kumbukumbu. Katikati yao palikuwa na ukuta wa lugha.

IV. Kitabu kinafunguliwa

Wengine wanafikiri kwamba Eklezia iligundua Biblia mwaka 1965. Sivyo. Tarehe 18 Novemba 1893, mwaka ule ule wa kuanzishwa kwa Baudouinville, Papa Leo XIII alitoa barua juu ya kujifunza Maandiko. Tarehe 30 Septemba 1943, sikukuu ya Mtakatifu Yeronimo, katikati ya vita kubwa, Papa Pio XII alitoa nyingine. Aliwaagiza wenye elimu wachunguze lugha za asili, desturi za zamani na namna za kuandika za kila mwandishi, maana Mungu alisema kwa njia ya watu wa kweli wa wakati wao. Kazi ya walimu wa Yerusalemu ikazaa Biblia ya Kifaransa iliyotoka katika kitabu kimoja mwaka 1956. Mapadri wengi wa Kongo wameitumia.

Kisha Konsilio ya pili ya Vatikano, tarehe 18 Novemba 1965, miaka sabini na miwili kamili baada ya barua ya Leo XIII, ikatangaza hati yake juu ya Ufunuo wa Mungu. Ilitaka njia ya kufika kwenye Maandiko ifunguliwe wazi kwa wakristu wote, nayo ikakumbusha fundisho la Mtakatifu Yeronimo kwamba asiyejua Maandiko hamjui Kristu. Mwaka 1969 ukatoka mpango mpya wa masomo ya Misa. Zamani Injili zile zile zilirudi kila mwaka, na Agano la Kale lilisikika mara chache sana siku ya Mungu. Kuanzia hapo masomo yanazunguka katika miaka mitatu, na Agano la Kale limepata pahali pake.

Hapa kwetu maaskofu wa Kongo walikuwa wamekwisha kuchagua, mwaka 1961, njia ya jumuiya ndogo zenye uzima. Ndizo tunazoziita shirika. Bila kukusudia, serikali ya Mobutu ilizitia nguvu. Mwaka 1972 majina ya ubatizo na vyama vya vijana vya Eklezia vilikatazwa. Mwisho wa 1974 shule zetu zilichukuliwa na Leta, na dini ikatolewa katika masomo, mpaka shule ziliporudishwa kwa mapatano ya 1977. Basi mtoto angejifunza wapi habari za Yezu? Nyumbani na katika shirika. Baba na mama, waliozoea kumwachia katekista kila kitu, walilazimika kufungua mdomo. Shida ile ilitufundisha kwamba imani inayosimama juu ya jengo la shule peke yake inaweza kuanguka siku moja kwa amri moja.

V. Neno la Isaya katika Bukavu

Kujifunza huku kulipimwa katika moto. Tarehe 29 Oktoba 1996, vita ilipoingia mjini, Askofu mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa hapa Bukavu. Mwaka 1998 vita ya pili ilianza, na chama cha RCD kikatawala mji. Kwa Noeli ya 1999 Askofu mkuu Emmanuel Kataliko aliwaandikia wakristu barua. Mwanzo wake aliutoa katika sura ya arobaini ya Isaya, pale Mungu anapoagiza watu wake wafarijiwe. Akaeleza mateso ya watu, akataja unyang'anyi wa mali ya inchi, akawataka wakristu wenyewe wajirekebishe.

Mtu asiyejua Isaya angaliweza kuona hapo neno tamu la Noeli tu. Lakini aliyejifunza anajua kwamba neno lile lilisemwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na kwamba faraja ya nabii ni habari ya njia ya kurudi nyumbani. Wakubwa wa wakati ule nao walielewa kwa namna yao. Tarehe 12 Februari 2000 walimzuia Askofu mkuu asirudi Bukavu, wakampeleka Butembo. Aliyeandika juu ya uhamisho akaonja uhamisho yeye mwenyewe, miezi saba. Wakristu wa Bukavu walisimamisha kazi, wakasali, wakadai mchungaji wao kwa amani. Alirudi tarehe 14 Septemba, sikukuu ya Msalaba Mtakatifu, na tarehe 4 Oktoba akafariki kule Roma.

Tunajiuliza: kwa nini watu hawakutawanyika katika miezi ile? Sababu ni nyingi, na neema ya Mungu ni ya kwanza. Lakini mojawapo ni kwamba shirika nyingi zilikuwa zimezoea kuketi pamoja na kuuliza: Neno hili linatuambia nini leo? Watu kama hawa hawangojei padri peke yake awaelezee maisha yao.

VI. Kitabu bila miaka minne

Sasa turudi Kadutu. Wazee walikuwa na miaka minne bila kitabu. Sisi tuna kitabu bila miaka minne. Hilo ndilo neno tulilotaka kulisema, na linatuhusu sote.

Leo Biblia iko ndani ya simu ya kijana. Tangu miaka ya 1990 iko Biblia Habari Njema, iliyotafsiriwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja. Ukuta wa lugha umeanguka, na ukuta wa mashindano umepungua. Lakini tunaona watu wanafungua kitabu kama wanavyopiga ramli: kidole kinaangukia mstari mmoja, na mstari ule unakuwa jibu la ugonjwa, la ndoa, la safari ya Ulaya. Wahubiri wengine wanachuma mstari mmoja wa Malaki wapate fungu la kumi, bila kumwonyesha mtu kwamba nabii yule yule anawahukumu wanaowadhulumu wafanyakazi na wajane. Na sisi mapadri, tusijione safi. Mara ngapi tumetafuta mahubiri yaliyokwisha kupikwa, Jumamosi usiku, kwa sababu juma zima hatukusoma kitu? Watu wanatambua. Vijana wetu hawaondoki kila mara kwa sababu ya ngoma za jirani; wengine wanaondoka kwa sababu walikuja na swali, wakakuta hatuna saa.

Tufanye nini basi? Kwanza, tusome kitabu kizima, si mistari iliyokatwa. Injili ya Marko ina sura kumi na sita tu. Mtu anaweza kuimaliza kwa majuma mawili, kisha aanze tena. Pili, mbele ya kila somo tuulize: ni nani anayesema, anasema na nani, katika shida gani, na maneno ya mbele na ya nyuma yanasema nini? Tatu, tuwe na daftari. Tuandike tusichoelewa, tulete swali kwenye shirika au kwa padri. Huyu Mwethiopia hakuona haya kusema kwamba hana wa kumwongoza. Nne, tushike kwa moyo, kama wazee. Simu inazimika, na katika vita au gereza kitabu kinaweza kunyang'anywa. Kilichoandikwa moyoni hakinyang'anywi. Tano, ndugu seminaristi, Kigiriki kidogo tunachofundishwa tusikiache siku ya mtihani. Anayekipanda sasa atakula mavuno yake miaka arobaini.

Tumalize na habari ya kijana yule. Mkutano ulipokwisha, mama mzee alimwita, akamwambia: «Macho yangu yamechoka. Uje siku ya Mungu nyuma ya Misa unisomee.» Kijana akakubali. Tuliwaona nyuma ya hapo, wameketi mlangoni: yeye anasoma, na mara kwa mara mama anamsimamisha, anamalizia hadisi kwa moyo mpaka mwisho, namna alivyoipokea kwa baba yake. Kijana hurudi kwenye ukurasa kuhakikisha, na hukuta ndivyo ilivyo. Hatujui kama ataacha kanisa la jirani. Tunajua kwamba anajifunza, na kwamba hajifunzi peke yake.

Mungu, aliyewapa wazee wetu uvumilivu wa miaka minne, atujalie sisi uvumilivu ule ule mbele ya kitabu kilicho wazi mikononi mwetu.